Salamu ya Mlango wa Mwisho

Miaka ile ya themanini nilikuwa nyapara katika shamba moja la mkonge, kusini ya Kilifi, na kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kuamkia milango. Nasema milango kwa sababu watu wenyewe nilikuwa siwaoni. Kulikuwa bado giza, wao wako ndani, mimi niko nje, na kati yetu kuna mbao.

Desturi hiyo sikuianza mimi. Niliirithi kwa nyapara aliyenitangulia, mzee mmoja ambaye miguu ilimshinda akaenda kukaa kwa binti yake Malindi. Wiki yake ya mwisho alinichukua nimfuate, alfajiri kwa alfajiri, kabla ya kugongwa kipande cha reli kilichotundikwa uwanjani kuwaita watu kazini. Wakataji waliishi kwenye layini, jengo refu la mawe lenye paa la bati, vyumba vimeshikana na kila chumba mlango wake. Mzee hakubisha hata mlango mmoja. Alisimama tu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Sabalkheri humo ndani. Mmeamkaje?" Kisha akangoja.

Kule kungoja ndiko kulikokuwa na kazi. Aliyeitikia kwa ulimi mzito alikuwa amekunywa mnazi jana yake. Aliyeitikia upesi alikuwa ameshavaa. Ambaye mkewe alimwitikia, basi mgonjwa, au hakulala pale. Mzee akifika chini ya reli alikuwa ameshawapanga watu wote kichwani: mwenye homa atakata safu za karibu na barabara, waliogombana watatengwa, aliyefiwa hatapelekwa peke yake kule mwisho wa shamba. Akitaja safu zao watu hawakushangaa. Mimi nilifika darasa la sita tu na sijui uongozi unafundishwa vipi kwenye vyuo, lakini sikupata kumsikia mzee yule akipiga kelele.

"Amka kabla yao," aliniambia. "Oga, kunywa kitu cha moto, kisha kaa kwenye kigoda mpaka ujisikie umenyamaza. Usiwapelekee hasira za nyumbani kwako. Na ukiamkia mtu, mngoje. Ukiondoka hujaitikiwa, afadhali hukupita."

"Na wazee je? Wengine ni rika la baba yangu."

"Hao uwape shikamoo yao. Wewe ni nyapara wao, lakini ni mtoto wao pia. Ukisahau moja, wataipunguza nyingine."

Chumba cha mwisho cha layini mlango wake ulifungwa kwa waya. Mzee alisimama pale kama alivyosimama kwingine, akasema maneno yale yale, akangoja, labda zaidi kidogo kuliko kwa wengine, kisha akaenda kwenye reli. Mimi sikuuliza. Waya sikuuona vizuri, na nilikuwa naogopa kuonekana mwingi wa maswali. Alipoondoka nikafanya kama nilivyoona.

Zilipita wiki kadhaa ndipo nikaambiwa chumba hakina mtu. Mkataji aliyekuwa akikaa mle alikuwa ameshakufa kwa homa, muda mrefu kabla yangu, na tangu hapo hakuna aliyeingia. Mchana niliposikia habari ile nilicheka, nakumbuka. Asubuhi iliyofuata sikucheka. Nilifika pale, nikamwamkia tena.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuacha siku ile. Nadhani ni woga, lakini sina hakika ni woga wa nini. Nusu ya watu wale walinizidi umri. Kila kitu walichonipa, utii, salamu, hata vicheko, walinipa kwa sababu nilipita njia ile ile aliyopita mzee. Nikaona nikitoa kitu kimoja tu, sijui kipi kingine kitatoka nacho. Na lingine, ambalo naliandika kwa kusitasita: nikingoja pale nilisikia kitu. Kama kigoda kinavutwa kidogo juu ya saruji. Bati hupoa alfajiri, hulia. Panya wapo. Popo wapo. Sisemi nilisikia mtu. Nasema nilingoja, na kila niliposikia mkwaruzo ule, niliondoka nikiwa nimeridhika, kama nilivyoondoka kwa wengine.

Mbele ya layini, mkonge uliokwisha kuzeeka ulikuwa umetoa milingoti yake mirefu, na kabla hakujapambazuka ilionekana kama watu waliotangulia kufika kazini. Nilikuwa siitazami sana.

Mwaka huo akaja mwanamke mmoja wa bara ya Kilifi kufanya palizi. Alikuwa na watoto watatu. Mumewe alikwenda Mombasa kutafuta kazi na zaidi ya hapo sijui, sitamsema vibaya mtu nisiyemjua. Binamu yake, mkataji wetu, alimpa banda lake la kupikia alale na watoto. Banda lenyewe lilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba kile cha mwisho, na makuti yake yalikuwa yamechoka, ukilala unaona nyota. Masika ilikuwa inakaribia. Mtoto mdogo alikuwa anakohoa tayari.

Alikwenda kwa karani kuomba chumba. Karani akamwambia kiko kimoja, akitaka achukue. Kumbe kuchukua si kwa karani. Alipoleta virago vyake majirani walimzuia mlangoni, tena kwa upole, hawakumtukana. Walimwuliza, "Utaingiaje nyumba ya mtu? Nyapara humwamkia kila siku."

Akanifuata bombani jioni, ndoo kichwani.

"Hujambo, nyapara?"

"Sijambo, mama. Watoto?"

"Watoto wanakohoa. Nina swali, usikasirike."

"Uliza."

"Kile chumba cha mwisho kina mtu?"

"Hakina."

"Basi asubuhi wamwamkia nani?"

Nikamwambia ni desturi. Akauliza ya nani. Nikasema ya mzee aliyeniachia kazi.

"Na mzee alikuwa akimwamkia nani?"

"Sikumwuliza."

Alinitazama, akaitua ndoo chini ili anitazame vizuri zaidi. "Nyapara," akasema, "mimi sikudharau. Salamu zako nazisikia kule bandani, nzuri. Lakini mvua ikinikuta mle, narudi kwetu, na kwetu kuna njaa. Nitarudi na huyu mdogo akiwa hivyo alivyo. Basi kamwulize mzee wako."

Sikwenda kuuliza mara moja. Nilijaribu njia fupi kwanza. Asubuhi moja nilipita milango yote, nilipofika karibu na ule wa mwisho nikageuka, nikaenda kwenye reli. Watu wakatoka, wakajipanga. Mkataji mmoja mzee, ambaye kila siku nilimpa shikamoo, siku hiyo marahaba yake haikuja. Akasema, "Leo umepunguza."

"Nimepunguza nini, mzee?"

"Wewe wajua."

Mchana wa siku hiyo mtu mmoja alijikata mguu kwa panga. Mapanga hukata miguu, hata kabla yangu yalikata, na sitasema lilihusiana. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Lakini kesho yake, nilipoanza mlango wa kwanza, sauti iliyoniitikia ilichelewa, na wa pili ikachelewa, na wa tatu akaitikia kama mtu anayelipa kitu. Nilipofika mwisho nilisimama, nikasema, "Sabalkheri humo ndani." Nyuma ya ukuta mtoto alikohoa. Mama yake alikuwa macho, najua, alinisikia.

Karani alipata cha kusema. Alikuwa mtu wa mzaha, na niseme haki yake, mzaha wake haukuwa na sumu. "Tazameni kijana wa darasa la sita," akasema mbele za watu, "mkuu wa walio hai na waliokufa. Bwana, ungeomba mishahara miwili." Watu wakacheka, nami nikacheka. Hata hivyo niliona wengine hawakucheka, na wale wasiocheka ndio waliokuwa wakataji wangu wazuri.

Jumapili nikaenda Malindi.

Nilimkuta mzee uani kwa binti yake, nyuma ya soko, kaketi kwenye kitanda cha kamba, miguu imevimba kaiweka juu ya mto. Nikampa shikamoo. Hakuniuliza habari za shamba wala za meneja. Aliuliza kwa milango.

"Wa kwanza aamkaje?"

"Salama. Ameoa tena."

"Kwa meno yale?" akashangaa. "Na wa pili?"

Tukaenda hivyo, mlango baada ya mlango, na kila mmoja alimkumbuka sauti yake, akaniigizia jinsi anavyoitika. Binti yake alikuwa anacheka jikoni. Tulipomaliza chumba cha kabla ya mwisho akajipapasa goti.

"Umesahau mmoja," nikasema.

"Sikusahau."

Nikamweleza yote, mwanamke, banda, waya, siku niliyopunguza. Alisikiliza akiangalia miguu yake. Nilitarajia atasema habari za mizimu, au kiapo, au kwamba marehemu alikuwa ndugu yake wa kuchanjiana. Njiani nilikuwa nimeshajitengenezea hadithi nzima.

"Yule alifia hospitali," akasema. "Jumamosi. Jumapili tukamzika. Jumatatu alfajiri nikapita milango kama kawaida, nikafika pale, nikaamkia."

"Kumuaga."

"Nani kasema kumuaga? Nilisahau." Alinyanyua uso. "Nilisahau kwamba amekufa. Mdomo ulizoea, miguu ilizoea. Nikasimama nangoja aitike, ndipo nikakumbuka. Na layini nzima kimya, wamenisikia. Sasa ningefanya nini? Nigeuke niwaambie samahani, mwenzenu nimeshamsahau? Kaburi halijakauka?"

"Kwa hiyo kesho yake..."

"Kesho yake nikamwamkia tena, ionekane nilikusudia." Akaanza kucheka, kifua kinatikisika, kisha kicheko kikageuka kikohozi. "Na kesho kutwa. Wakaanza kunipenda kwa ajili ile, bwana. Wakasema, nyapara huyu hata ukifa hakuachi. Walifanya kazi kama nini. Mimi nikabaki nimeshikwa pale mlangoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya kwa aibu, nao wangesikia. Ulifanya vizuri kwa sababu hukujua."

Sikujua kama hilo lilikuwa sifa. Hata leo sijui.

"Na mama yule?" nikauliza. "Ana watoto."

"Huitikia vizuri?" akauliza.

"Nikimwamkia shambani, huitikia kabla sijamaliza."

"Basi mtie ndani. Ukiamkia pale, aitike mtu. Mimi kilichonichosha si kuamkia. Ni kule kungoja."

Nilikuwa nimekusudia nisiulize, nikauliza. "Miaka yote ile hukuitikiwa hata siku moja?"

Mzee akavuta ule mto chini ya miguu, akautengeneza ambapo haukuhitaji kutengenezwa. "Wewe je?" akasema.

Binti akaleta chai na mahamri. Tukala.

Njia nzima ya kurudi nilifikiri nitawaambia nini. Kuwaambia mzee alisahau kungemvunjia kitu alichokijenga, na bado alikuwa hai. Nisingeweza kuwaambia uongo pia, maana wangeusikia asubuhi katika sauti yangu, kama mimi nilivyosikia mambo yao. Jumatatu, chini ya reli, nikasema yale tu yaliyokuwa kweli. "Nimetoka kwa mzee. Aliwauliza nyote, mlango kwa mlango. Na chumba cha mwisho amesema aingie mama huyu na watoto wake."

Yule mkataji mzee akauliza, "Amesema yeye mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake."

"Basi."

Lilikwisha hivyo, kwa neno moja, jambo lililonisumbua hata nikapoteza usingizi. Jioni walitoa waya wenyewe. Mmoja akaleta chokaa. Mwanamke mmoja wa Kiislamu akafukiza ubani, na jirani yake, Mkristo wa kutoka bara, akasali sala ndefu kwa lugha ya kwao. Mle ndani hamkuwa na kitu ila kigoda, na kigoda chenyewe kilikuwa na mguu mmoja mbovu. Mama yule akaomba akitumie. Hakuna aliyekataa. Siku ya tatu mvua ikanyesha, ikalichukua lile banda upande mmoja.

Asubuhi ya kwanza baada ya wao kuingia niliamka mapema kuliko kawaida. Nikaoga, nikanywa chai, nikakaa kwenye kigoda changu, lakini kunyamaza hakukuja. Nikapita milango. Sauti zote zilikuwa nzuri, zilinirudia kama zamani. Nikafika mwisho. Mlango haukuwa na waya, chokaa ilionekana nyeupe hata gizani. Nikasema, "Sabalkheri humo ndani. Mmeamkaje?"

Kimya. Nikangoja. Nikaanza kuhesabu makosa yangu. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka, ya mtu aliyeshangaa.

"Tumeamka salama, nyapara. Kwani umesahau kitu?"

"Sijasahau. Ndiyo kwanza nafika."

Saa ya kupumzika, shambani, akaja akakaa mbali kidogo nami, jembe magotini.

"Asubuhi ulinitania?"

"Hapana."

"Niliamkiwa mapema zaidi. Sauti ya mtu mzima, taratibu, maneno yale yale yako. Nikaitika, nikasema tumeamka. Kisha ukaja wewe."

Nikamwambia labda ni mlinzi. Jioni nikamwuliza mlinzi, akaapa hamwamkii mtu. "Mimi saa zile nalala, nyapara, kama walinzi wote," akasema, na kwa kuwa alikiri hilo mbele yangu niliona hana sababu ya kudanganya mengine. Labda mama yule aliota. Kulala mahali pageni huleta ndoto. Labda pia nilipita mara mbili mimi mwenyewe, kwa wasiwasi nilionao, nikasahau. Nimelifikiri hilo nalo, na siwezi kuapa.

Nilimpelekea maneno ya mlinzi. Nilidhani ataomba kuhama, na sikuwa na chumba kingine cha kumpa.

"Mimi sihami," akasema. "Mdogo amelala usiku mzima bila kukohoa. Anayeamkia aamkie. Nitamwitikia. Si adabu mtu kusimama mlangoni kwako asijibiwe."

Tangu siku ile nikageuza njia. Nikaanza kwa mlango wake na kumalizia kwa uliokuwa wa kwanza, na kila nilipoweza nikaamka mapema zaidi, ili kama kuna wa kumwamkia kwanza, niwe mimi. Watu waliona, wakadhani nampendelea, na karani akatunga mzaha mwingine ambao sitauandika. Mama yule alikaa mle mpaka nilipoacha kazi. Watoto walikua. Yule mdogo akajifunza kuitika kabla ya mama yake, kwa kelele, akaharibu utaratibu wote.

Sikumwuliza tena. Naye hakusema tena. Nilikuwa nimefundishwa kujua mengi kwa sauti ya mtu anayeitika kutoka ndani, nani mgonjwa, nani kalia, nani hakulala kwake, na watu waliniamini kwa sababu mara nyingi nilijua kweli. Lakini kila alfajiri nilisimama pale nikatega sikio, nisiweze kutambua kama mama yule ananiitikia mimi kwanza, au ameshaitika mara moja kabla sijafika.